Mgeni wa Msimu Mmoja

Muuza kahawa apitaye mtaani kwetu Ganjoni, Mombasa, baada ya sala ya alasiri huchukua dele la shaba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huchukua vikombe vidogo vya kauri ambavyo huvigonganisha vikalia, ili walioketi barazani wajue kuwa amefika kabla hawajamwona. Na vikombe hivyo, vikiisha kunywewa na huyu, husuuzwa ndooni akapewa yule, wala havina siku ya kustaafu ila siku vitakapoanguka na kuvunjika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mgeni nyumbani, kijana wa Kijerumani aliyekuja kwa masomo, na siku yake ya kwanza alipomaliza kahawa aliinuka, akageuka huku na huku, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Samahani mzee, kikombe nikitupe wapi?" Mzee wa kahawa alicheka hata akalazimika kuliweka dele chini. "Ukikitupa, mwanangu," akamjibu, "kesho nitawanywesha wenzako kwa viganja?"

Kijana yule hakuwa mjinga, wala sikitaji kisa chake kwa dhihaka. Kwao mabaki ya chakula yana pipa lake, karatasi ina pipa lake na plastiki ina pipa lake, na mtoto huyajua mapipa hayo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo swali lake lilikuwa swali la mtu aliyelelewa vizuri. Lakini ndani ya swali lile mlikuwa na itikadi nzima, kwamba kila kitu kikiisha kutumika hapana budi kiwe na mahali pa kutupwa, na kwamba wema wa mtu ni kupajua mahali penyewe. Jibu la mzee nalo lilikuwa na itikadi yake, kwamba kitu kikiisha kutumiwa na huyu kinamngoja yule; na kukutanisha itikadi mbili kama hizo ndiko kunakokusudiwa na safari ninazotaka kuzizungumzia. Siku hizi serikali, vyuo na mashirika ya mataifa mengi hufadhili safari za wanafunzi, wa huku kwenda kule na wa kule kuja huku, ili vijana wajifunze namna ya kuzalisha na kutumia bila ya kuangamiza. Nami huulizwa mara kwa mara, kwa kuwa somo hili limekuwa kazi yangu ya umri mzima, kama safari hizo zina tija. Jibu langu ni kwamba zina tija kwa kadiri ya muda ambao mgeni hukaa, na nitalieleza kwa mifano ya hapa hapa pwani.

Kwanza jina. Wataalamu huliita somo hili matumizi na uzalishaji endelevu, na maana yake, kwa mtu asiyependa istilahi, ni kutengeneza vitu na kuvitumia kwa namna ambayo haitawanyima wajao baada yetu vile tulivyovikuta sisi. Fikra hiyo iliingia katika maafikiano ya mataifa mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, ambao mpango wake wa kazi ulitenga sura nzima, sura ya 4, kwa ajili ya kubadili mwenendo wa matumizi. Ikatiliwa nguvu Johannesburg mwaka 2002, ikapewa mpango wa miaka 10 huko huko Rio mwaka 2012, na mwaka 2015 ikawa lengo la 12 katika yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa. Wazee wetu hawakuwa na jina refu kama hilo kwa jambo lenyewe, ila kinyume chake walikiita kwa neno moja, israfu, nalo lilitosha kumkataza mtoto kumwaga maji ya mtungi.

Tatizo la kuyafundisha haya kwa vijana wa nchi mbalimbali ni kwamba hawakusimama mahali pamoja. Ripoti ya mwaka 2024 ya Jopo la Kimataifa la Rasilimali, lililo chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, yasema kuwa mtu wa nchi zenye mapato makubwa hutumia malighafi za dunia, kuanzia mchanga na chuma hata mbao na mafuta, takriban mara 6 ya mtu wa nchi zenye mapato madogo. Waweke vijana wawili wa namna hiyo darasani, uwape mawaidha mamoja ya kupunguza, na mmoja wao atakuwa amesikia neno la haki na wa pili amesikia mzaha. Ijapokuwa sharti niseme kwa insafu kwamba Ganjoni ya leo, yenye maghorofa, majokofu na magari mawili mawili mlangoni, haina tena ruhusa ya kujihesabu miongoni mwa maskini.

Wataalamu wana njia ya kuupima uzito wa kitu juu ya ardhi, nayo huitwa tathmini ya maisha ya bidhaa: hukifuata kitu tangu malighafi yake ilipotolewa shambani au mgodini, kikapita kiwandani, kikasafirishwa, kikatumiwa, hata kikawa taka, na katika kila kituo huandika maji na nishati iliyoingia na sumu iliyotoka. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni za hesabu hiyo mwaka 1997 kwa namba 14040, na mwanafunzi mwenye akili huweza kuzisoma kwa juma moja. Kuiona hesabu yenyewe ikitendeka nyumbani mwa watu ni shughuli nyingine. Katika nyumba yoyote ya Kimvita zimo kanga za kila umri kwa wakati mmoja: ile mpya iliyokunjwa kabatini ikingoja harusi, ile ya kushindia, ile iliyolainika ikawa mbeleko, ile iliyochanwa ikawa kitambaa cha kuepulia sufuria, na ile ya mwisho iliyo tambara la kupigia deki. Mgeni wetu alizipita kanga hizo zote kila siku akidhani ni vitu vitano. Mwezi wa tatu, akiwa ameinama na ndoo ya maji kwa kuwa zamu ya deki ilikuwa yake, aliona kwamba tambara lile lina maandishi yaliyofifia, akayasoma kwa sauti silabi baada ya silabi, na bibi wa nyumba akaja mbio kutoka jikoni akicheka, maana lilikuwa jina la kanga aliyotunzwa siku ya arubaini ya kitinda mimba wetu. Jioni ile kijana aliandika kurasa nyingi. Kama angalikuwa mgeni wa siku kumi, angaliondoka na picha ya ile kanga ya kabatini.

Wahenga walipata kitu ambacho mipango ya leo haina, nacho ni upepo usiosikiliza haraka ya mtu. Jahazi la Sur, la Maskati au la Bombay lilikuja na kaskazi kuanzia mwezi wa Desemba, na halikuweza kurudi mpaka kusi iingie, baada ya mwezi wa Machi; na katikati yake palikuwa na maleleji, siku za pepo zisizo na msimamo, ambapo hapana nahodha mwenye akili aliyetweka tanga. Kwa hiyo mfanyabiashara, baharia na mtafuta elimu, wote walikaa. Walijifunza lugha, walizoea chakula, walijua mwenye kisima ni nani na zamu ya kuteka ni ya nani, na wengine walioa. Mwanachuoni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Unguja mwaka 1925, alitafuta elimu Makka na Hadhramaut kwa safari za namna hiyo hiyo, na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh uliifanya Lamu yenyewe kuwa mji wa kupokea wanafunzi kutoka ng'ambo. Hata hapa kisiwani, ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa iliyoundwa mwaka 1948 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora na serikali ya kikoloni, ilipofungua milango yake Tudor mwaka 1951, iliwapokea vijana wa Afrika Mashariki kujifunza ufundi kwa miaka, wala si kwa majuma. Na taasisi hiyo, baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa, tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko juu ya vichwa vyetu. Ingia katika nyumba yoyote kongwe ya Mji wa Kale, pita daka na kiwanda cha ndani, kisha inua macho: dari imechukuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Mti huo, ukitakiwa kubeba uzito wote ule, hauvuki salama zaidi ya mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba, hata mgeni hudhani kuwa ameingizwa ushorobani. Upana wa chumba uliamuliwa mwituni. Tajiri aliyetaka nyumba kubwa aliongeza idadi ya vyumba au aliongeza ghorofa, lakini hakuweza kuuongeza upana, kwa kuwa mkoko haukumkubalia. Na wakataji wa Lamu nao walikuwa wameiainisha miti kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila daraja na kazi yake, hata ule mwembamba usionekane kuwa ni taka ya ule mnene. Miti hiyo hiyo ilipakiwa majahazini ikapelekwa Ghuba, nchi zisizo na misitu, ikaezeka nyumba za Kuwait na Bahrain, na vyumba vya huko navyo vikatoka na upana ule ule wa vyumba vya hapa. Mwanafunzi wa Kuwait akilala chali katika nyumba ya Mji wa Kale atakuwa anaitazama dari ya babu yake. Sijui darasa la somo letu lililo bora kuliko kitanda hicho, na halihitaji umeme.

Kisha mafuta yalileta saruji na nondo katika Ghuba, na hapa kwetu ukataji ulizidi uwezo wa miti kuota, hata serikali ya Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Atakaye kuona sura iliyofuata na avuke feri ya Likoni, ashike njia ya kusini kupita Ukunda mpaka Gazi, ambako ghuba iliyokuwa imebakia visiki imepandwa upya. Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi na wenzao wa Edinburgh Napier University ya Scotland, walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha yake ikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Ulikuwa mradi wa kwanza wa namna yake duniani kwa upande wa mikoko inayolindwa na wanakijiji wenyewe, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nataka msomaji aangalie jambo moja hapa. Upandaji wa majaribio na utafiti wa Gazi ulikuwa umetangulia kwa miaka mingi kabla ya senti ya kwanza kuingia. Wanafunzi wa huku na wa Scotland walikuwa wakitumbukia matopeni, wakipima vigogo na kuchimba udongo, msimu baada ya msimu, kwa sababu mti wa mkoko hauoneshi hesabu yake kwa mtalii. Na mgeni aliyekaa ndiye aliyejifunza kutoka kwa wavuvi kwamba mchu si mkandaa na mkandaa si muia, na kwamba kila mmoja huota mahali maji yanapomtaka.

Bamburi, hapa hapa pwani, ni habari nyingine ya subira. Kiwanda cha saruji kilichofunguliwa mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe yaliyokufa zamani hata kikaacha jangwa jeupe lenye chumvi, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu, na mojawapo ni mvinje. Lakini majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalianguka yakalala bila ya kuoza, na bila ya kuoza hapana udongo. Aliyetatua shida hiyo ni jongoo mwekundu wa kawaida, yule ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje, kwa kuwa yeye aliyala majani yale na kuyatoa mbolea. Leo machimbo yale ni msitu. Wanafunzi wengi wa kigeni hupelekwa huko kwa saa mbili, wakampiga picha twiga na kumwona kiboko, wakarudi hotelini. Na kwa jongoo, ambaye ndiye profesa, hapana anayesimama.

Kuhusu plastiki nitakuwa mfupi, maana yamesemwa mengi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4, na vikapu vya ukili vikarudi sokoni. Mwaka uliofuata, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000; na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, likitua bandari baada ya bandari ili watoto wa shule walione na kuligusa. Lilisafiri na kaskazi, kama inavyopasa.

Sasa nije kwenye mizani yenyewe. Abiria mmoja anayeruka kutoka Ujerumani hadi Mombasa na kurudi huwa ameifanya ndege itoe kwa ajili yake hewa ya ukaa inayopita tani 1, ilhali Mkenya mmoja, kwa wastani wa mwaka mzima, kwa kupika kwake na kusafiri kwake na kila kitu, hafiki nusu tani. Kubadilishana wanafunzi, basi, ni matumizi pia, tena matumizi ya gharama kubwa, na hapana udhuru wa kuyaacha nje ya hesabu kwa kuwa nia ni njema. Niliwahi kualikwa kuhutubia kundi la wanafunzi thelathini waliokuja kwa siku tisa. Nilikuta meza ndefu ambayo mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya plastiki ya maji, na nilipomaliza kusema juu ya israfu, nyingi katika zile chupa zilikuwa zimefunguliwa, zikanywewa funda moja na kuachwa. Naamini zilikwenda Mwakirunge, ambako taka za kisiwa hiki hupelekwa, na wale vijana walikwenda uwanja wa ndege. Sikumlaumu kijana hata mmoja. Watu hutumia walichowekewa, na aliyepanga safari ile alikuwa amewawekea chupa na siku tisa. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mipango mingi ya leo humpa mgeni tiketi ya kurudi kabla jembe halijatafutwa.

Wala sitaki ionekane kwamba ni wao tu wenye kujifunza. Kijana wetu akienda Ujerumani atakuta kwamba tangu mwaka 2003 chupa na makopo ya vinywaji ya kutumika mara moja yana rehani, ambayo sasa ni senti 25 za yuro, na kwamba mnunuzi hurudisha chupa kwenye mashine dukani akarudishiwa fedha yake, hata wapo watu wanaookota chupa mabarabarani kwa ajili ya rehani hiyo. Atarudi akitusimulia kwa mshangao, nasi tuliozidi umri tutatazamana; kwani ni duka gani la Mombasa lililokuuzia soda utotoni bila ya kuuliza, "Chupa tupu iko wapi?" Ulileta chupa, au uliweka rehani, au uliinywea pale pale mbele ya kaunta, ukamaliza kwa kuharakishwa. Tulikuwa na utaratibu ule, na tunauacha chupa baada ya chupa bila ya mtu yeyote kutoa amri, katika miaka hiyo hiyo ambamo wengine wamelipa wataalamu na kutunga sheria ili waupate. Hii ndiyo faida ya kumpeleka mtoto mbali kwa muda wa kutosha: hukiona cha kwao kikiheshimiwa kwa jina geni.

Njia za kwenda zipo. Mpango wa Kennedy-Lugar YES wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya imo, humweka mwanafunzi wa sekondari katika nyumba ya wenyeji kwa mwaka mzima wa masomo, na huo ndio muda ninaoukubali. Jirani zetu wa Kizingo wana Akademia ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambayo wanafunzi na walimu wake hutoka nchi nyingi, wakala meza moja na kulala mabweni mamoja, na katika bweni mtu haufichi utumiaji wake wa maji. Vyuo vikuu navyo vina mikataba yake. Lililo nadra ni nyumba ya mwenyeji hapa kisiwani. Wageni wengi hulala hotelini au katika vyumba vya kukodi ambamo taulo hubadilishwa kila asubuhi, na mtu wa namna hiyo hawezi kukutana na tambara lenye maandishi.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwa wakuu wa shule na vyuo vyetu: mkataba wa kubadilishana wanafunzi ukiletwa mezani, kabla ya kusoma habari za fedha na vyeti, tafuteni idadi ya miezi, na kama haifiki minne, uombeni ugeuzwe, watu wachache kwa muda mrefu badala ya wengi kwa muda mfupi; gharama ya safari kumi za ndege kwa msimu mzima ni ndogo kuliko ya safari thelathini kwa juma moja. La pili ni kwa jamaa zangu wa Ganjoni, Kibokoni, Kuze na mitaa iliyobakia, wenye watoto waliokwenda Nairobi na Dubai na vyumba vilivyofungwa tangu waondoke. Kaskazi huanza mwezi wa Desemba. Mwenye chumba na akifungue, akipige chokaa, aondoe masanduku, na mgeni akifika asimfanyie zaidi ya wanawe: ampe kanga ya kujifunika, ndoo ya kuogea, na zamu yake ya deki.